Jinsi ya kupanga safari ya kuzamia Ghuba ya Mnazi bila kuumiza mwamba

Upepo wa kusi ukianza kulegea, simu yangu huanza kupokea maswali yaleyale. Mwezi gani mzuri? Nisiyejua kuogelea naweza kwenda? Boti bei gani? Kasa nitawaona? Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapowapeleka jamaa na marafiki kutoka Mtwara mjini.

Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ndilo ninalolianza: siku hiyo maji yatakuwaje? Watu hupanga safari kwa Jumamosi na sikukuu, kumbe bahari ya huku inakwenda na mwezi. Ukikosea siku, utakaa kwenye mchanga ukisubiri boti ielee, au utajikuta unatembea juu ya matumbawe kwa miguu. Madhara mengi niliyoyaona yakifanywa na wageni hayakutokana na ubaya wa mtu. Yalitokana na kwenda siku isiyofaa.

Tunazungumzia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000, miaka mitano baada ya ile ya Mafia, na ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 650. Ndani yake kuna vijiji vya watu, Msimbati kikiwemo, mikoko, mafungu ya mchanga, na visiwa vya Namponda, Mongo na Kisiwa Kidogo. Kule visiwani usitegemee hoteli wala duka. Utakaowakuta mara nyingi ni wavuvi waliopiga dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi.

Kabla hujaanza, hakikisha unavyo hivi:

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti.
- Kalenda ya mwezi mwandamo, au jedwali la maji kujaa na kupwa.
- Miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia vinavyokukaa vizuri. Vijaribu nyumbani.
- Shati la mikono mirefu na suruali ya kubana ya kuogelea nayo.
- Maji ya kunywa, lita 4 hadi 5 kwa mtu kwa siku, kwenye madumu.
- Gunia la kurudishia takataka.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza, pamoja na chupa ya siki na chupa ya chai yenye maji ya moto.
- Cheti cha kuzamia, kama unataka kushuka na mtungi wa hewa.

Cheti kinawachanganya wengi. Kuelea juu kwa miwani na mrija hakuhitaji cheti. Kushuka na mtungi kunahitaji mafunzo, na cheti cha kwanza kwa kawaida hukuruhusu kufika mita 18. Asikudanganye mtu kwamba atakufundisha ndani ya boti mkiwa njiani. Na kwa kweli, kwa mara ya kwanza, miwani na mrija vinatosha kabisa. Pale Ruvula, jirani na Msimbati, mwamba wa matumbawe uko karibu na ufuo, na mengi mazuri yako kwenye kina cha mita chache ambako jua linafika.

1. Chagua miezi

Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi ni makubwa na maji yanachafuka. Desemba hadi Aprili ndiyo masika yetu ya kusini, na Ruvuma hushusha tope baharini. Unaweza kupata siku safi katikati, lakini usizitegemee kama unatoka mbali.

Mimi huchagua mwisho wa Septemba hadi katikati ya Novemba, wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Maji hutulia, na mwanzoni mwa kipindi hicho nyangumi wenye nundu bado wanapita. Huja pwani yetu kuanzia Julai kuzaa na kunyonyesha, kisha hurudi kusini kwenye bahari ya baridi. Ndege wahamiaji kutoka kaskazini mwa dunia nao wanakuwa wameanza kutua kwenye mafungu.

2. Chagua siku kwa maji, si kwa wikiendi

Hapa soma taratibu.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua. Hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku za bamvua kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo baada ya wiki mambo yanageuka: tarehe 7 hadi 9 za mwezi mwandamo, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na yanajaa kwenye saa nne asubuhi.

Kwa safari ya mwamba, chukua maji mafu. Unaondoka saa mbili asubuhi maji yakiwa yanajaa, yale yanayoingia kutoka bahari kuu, masafi. Unafika mwambani karibu na saa nne, maji yamesimama, mkondo umelegea. Una kina cha kutosha chini ya mapezi yako ya miguuni. Yakianza kutoka huvuta tope la ghuba na mikoko, na kuona kunapungua, lakini wakati huo wewe tayari unakula kivulini.

Safari ya kwanza niliyoipanga mwenyewe niliipanga Jumamosi, kwa sababu watu walikuwa kazini siku nyingine. Ilikuwa tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Tulipofika kwenye mwamba saa nne maji yalikuwa ya magotini. Boti ikakwaruza chini, nahodha akatuambia tushuke ili iwe nyepesi, tukashuka watu tisa. Chini ya makubadhi yangu nilisikia mlio kama wa kukanyaga vifuu vikavu. Niliinama nikaokota tawi moja. Palipovunjika palikuwa peupe kama chaki, na kwenye ncha bado kulikuwa na rangi ya zambarau na ute unaoteleza vidoleni. Lilikuwa hai dakika moja kabla. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo lenye upana wa sinia la pilau linaweza kuwa na miaka 30. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali tarehe kabla ya kuangalia mwezi.

Bamvua nayo ina kazi yake. Kama nia yako ni ndege, nenda siku hizo. Mafungu yakiwa wazi wanashuka kwa mamia kula, na unawatazama kwa darubini kutoka mbali bila kukanyaga kitu.

3. Omba ruhusa na ulipe kiingilio

Wasiliana na ofisi ya hifadhi kabla ya siku ya safari. Hifadhi iko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze risiti, maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na kitambulisho ndicho kinachothibitisha. Uliza pia ni sehemu gani zimefungwa kwa uvuvi au kwa watu. Ukitaka kurusha droni, ruhusa yake ni nyingine kabisa.

Kisha pita kijijini. Kumsalimia mwenyekiti ni adabu, na pia ndiko utakakoambiwa ukweli wa bahari ya wiki ile. Msimbati ni mahali pa watu wa dini na heshima. Nguo za kuogelea ni za majini, ukipanda ufukweni jifunge khanga au vaa suruali.

Jambo moja zito: ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na jimbo la Cabo Delgado limekuwa na mapigano tangu Oktoba 2017. Uliza hali ya usalama polisi au ofisi ya hifadhi wiki ya safari, tembea na kitambulisho, na usimwombe nahodha asogee mpakani.

4. Pata chombo na nahodha

Mchague nahodha wa kijijini. Anajua kila kijiwe, na hela inabaki kwa watu ambao mwamba ukifa ndio watakaokosa kitoweo. Pwani hii iliteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mvuvi anayepata riziki kwa mwamba ulio hai ana sababu ya kumkatalia mwenzake anayekuja na mabomu.

Muulize haya, kwa utaratibu na heshima, kabla hamjapatana bei:

- Chombo kina leseni, na kinabeba watu wangapi?
- Kuna laifu jaketi kwa kila mtu, hata watoto? Omba kuziona. Ivae moja uone kama vifungo vinafunga.
- Bei ni pamoja na mafuta, au mafuta ni juu yangu? Ugomvi mwingi huanzia hapa.
- Nanga utaitia wapi?

Swali la nanga ndilo linalonionyesha mtu. Nahodha mzuri atakwambia atatia kwenye mchanga, au atafunga kwenye boya kama lipo, au ataacha boti ielee na kijana mmoja kwenye injini mkiwa majini. Nanga ikitupwa kwenye mwamba haiishii kuvunja pale ilipoangukia. Kamba huburuzika na kila wimbi, na kufikia mchana imefyeka duara zima.

Kama upepo unaruhusu na huna haraka, chukua dau la tanga. Halina moshi wala kelele, na pomboo hawalikimbii.

5. Kuhusu mafuta ya jua

Mafuta mengi ya kujikinga na jua yana kemikali za oksibenzoni na oktinoksati, na hizo zinadhuru matumbawe machanga. Soma nyuma ya chupa. Yenye zinki oksaidi peke yake ni nafuu kidogo kwa mwamba. Bora zaidi ni shati la mikono mirefu, haliyeyuki majini.

6. Kufika

Kutoka Dar es Salaam kwa basi ni kama kilomita 560, ukipita Daraja la Mkapa kwenye Rufiji, kisha Lindi na Mikindani. Ndege pia zipo. Lala Mtwara mjini au Mikindani usiku mmoja, usiunganishe basi na bahari siku moja. Asubuhi kutoka mjini hadi Msimbati ni kilomita 40 na kitu kupitia Madimba, na mchanga mwishoni. Usiendeshe gari ufukweni. Najua wengi hufanya hivyo kwa sababu mchanga wa Msimbati ni mgumu unabeba gari, lakini kasa hutaga kwenye ufuo wa namna hiyo hiyo, na mayai yako chini ambako huyaoni.

Kabla ya kuondoka tazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo na mawimbi, ahirisha. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na sisi, na Mei 2024 kikaja Hidaya. Bahari yetu si ya kubahatisha.

7. Majini

Ingia polepole kutoka pembeni mwa boti, usiruke. Lala kifudifudi, mikono mbavuni, piga mapezi kutoka nyongani kwa mapigo marefu. Kosa la kila anayeanza ni kuchoka akasimama wima kutafuta pa kukanyaga. Ukichoka, geuka chali uelee, au shika kamba ya boti.

Asiyejua kuogelea avae laifu jaketi, aingie pale anapofika chini na pana mchanga, na awe na mtu mmoja asiyemwachia. Mkondo wa ghuba hii una nguvu kuliko unavyoonekana ukiwa juu.

Usiguse wala usilishe chochote. Usiokote hata ganda tupu, kaa wa kuhamahama anahitaji nyumba. Anayeshuka na mtungi akumbuke yake aliyofundishwa: ashuke na mwenzake, apande taratibu, na asimame dakika 3 kwenye mita 5.

8. Kasa, nyangumi na pomboo

Kasa hupanda juu kuvuta hewa. Ukimzingira au kumkimbiza anashindwa kupumua kwa wakati. Baki pembeni yake, usimfuate kwa nyuma wala kumkatia njia, na mara nyingi ataendelea kula majani ya bahari kana kwamba haupo.

Ukibahatika kumwona akipanda usiku kutaga, kaa chini, zima tochi na simu, usiwake moto. Mwanga unamrudisha baharini kabla hajataga. Kwenye shimo moja huacha mayai 100 na zaidi, na huanguliwa baada ya siku kama 60. Vifaranga hufuata mwanga wa upeo wa bahari, kwa hiyo taa yako inaweza kuwapeleka porini badala ya majini.

Nyangumi akionekana, mwambie nahodha apunguze injini na abaki mbali, mita 100 au zaidi, na hasa kama kuna mtoto. Msikate njia yake. Pomboo wakitaka kuja watakuja wenyewe.

9. Kisiwani

Chakula nunua kijijini: samaki, muhogo, ming'oko ikiwa msimu wake, madafu. Pweza mdogo asiyefika nusu kilo mwache, hata akiwa rahisi. Kamba kochi mwenye mayai tumboni vilevile. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo beba vikapu na vyombo vya bati.

Kila ulichokwenda nacho kirudi, hata maganda ya machungwa, maana kisiwa hakina mtu wa kufagia. Haja kubwa imalizwe bara kabla ya kuondoka. Ikishindikana, chimba mbali na mstari wa maji na mbali na mteremko wa mchanga wanakotaga kasa, na karatasi urudi nazo. Ukikuta dago, salimia kwanza, na usipige picha watu wala samaki wao bila kuomba.

10. Kurudi

Anzeni kurudi saa saba, msisubiri saa kumi. Mchana upepo huongezeka na maji yanapwa. Aliyeshuka na mtungi zaidi ya mara moja asipande ndege kabla ya masaa 18 kupita. Weka usiku mmoja wa ziada Mtwara kwenye ratiba tangu mwanzo.

Mambo yakienda kombo

*Miwani inaingia ukungu.* Temea mate ndani, sugua, suuza mara moja. Mpya huwa na utando wa kiwandani, isugue kwa dawa ya meno nyumbani kwanza.

*Masikio yanauma ukishuka.* Panda kidogo, bana pua, puliza taratibu. Yakikataa, acha. Mwenye mafua asishuke kabisa siku hiyo.

*Kichefuchefu.* Kaa katikati ya chombo, tazama mbali pale mbingu inapokutana na bahari, tafuna tangawizi. Usishinde na njaa.

*Mkondo umekuchukua.* Usishindane nao. Elea, inua mkono mmoja juu, ogelea kwa kuukata pembeni. Hii ndiyo sababu kijana wa injini habanduki botini.

*Umeumwa na konyeza.* Toka majini, mwagia siki, usisugue kwa mchanga. Ukichomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa au wa samaki jiwe, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa nusu saa au zaidi, kisha hospitali.

*Mtu ametoka kuzamia na mtungi, viungo vinauma, ganzi, kizunguzungu.* Mlaze, mpe oksijeni kama ipo, mkimbize hospitali, na asirudi majini. Muulize mwalimu wa kuzamia kabla ya safari oksijeni iko wapi na chemba ya karibu ya kutibu wazamiaji iko wapi. Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine. Namba ya dharura ni 112.

*Nahodha anataka kutia nanga mwambani.* Usimfokee mbele ya wageni wake. Mwambie, "Nahodha, tusogee kwenye mchanga pale, sisi tutaogelea tu." Hatua kumi za maji, na karibu kila mara atakubali.

*Mmefika na maji yamepwa mno.* Msilazimishe. Kaeni fungu la mchanga, angalieni ndege, pikeni chai. Chomeka kijiti pembeni mwa maji: yakikipita, yameanza kujaa, na baada ya masaa matatu mtakuwa na kina cha kuogelea.